Dawa ya tumbo na nguvu ya mifupa: kila dawa iwe na siku yake ya mwisho



Mara nyingi katika ukurasa huu tunaongea juu ya kofia ya kazi, viatu, vumbi na moshi wa mashini. Leo tuongee juu ya kitu kidogo ambacho wengi wenu munacho nyumbani, juu ya kabati ao ndani ya mufuko wa koti: kidonge cha omeprazoli, ile dawa ya kupunguza asidi ya tumbo.

Mwanzo wa musimu wa mvua, mama mumoja, muke wa mufanyakazi mwenzetu, aliteleza mbele ya mulango wa nyumba yake hapa Mitwaba. Hakuanguka kutoka mahali pa juu. Hakubeba muzigo mukubwa, ila ndoo ya maji tu. Aliweka mukono chini ili ajizuie, na mufupa ukavunjika karibu na kiganja. Mama huyo ana miaka 58.

Ku dispansere nilimuuliza:

– Mama, unakunywa dawa gani kila siku?

– Hakuna, munganga. Ni ile tu ya tumbo.

– Tangu wakati gani?

– Tangu mutoto wangu wa mwisho aliingia ku sekondari. Sasa alishamaliza.

Ni miaka sita. Nikatafuta fishi yake. Mustari wa kwanza ulisema: kidonge kimoja kila asubuhi, majuma 4. Chini yake kulikuwa neno moja tu, limeandikwa mara nyingi: «aendelee», «aendelee», «aendelee». Mistari mingine ilikuwa ya mukono wangu mimi mwenyewe.

Siwezi kusema kwamba kidonge ndicho kilivunja mukono wa mama huyo. Mama wa umri ule anaweza kuvunjika mufupa hata kama hajameza kidonge hata kimoja. Lakini miaka sita yote hakuna mutu aliyeuliza: dawa hii ni ya nini sasa, na itaisha lini? Ndiyo sababu ninaandika.

ASIDI SI ADUI YETU

Tumbo letu linatengeneza maji makali yanayoitwa asidi. Mungu hakuyaweka pale bure. Asidi inasaidia kusaga nyama na samaki. Inaua vijidudu vingi vinavyoingia pamoja na maji na chakula. Inafungua chumvi za madini zilizo ndani ya chakula ili damu iweze kuzichukua.

Ukuta wa tumbo una utando laini unaoulinda usiunguzwe na asidi hiyo. Utando ukiharibika, asidi inagusa nyama yenyewe, na pale kinazaliwa kidonda cha tumbo. Asidi ikipanda juu kwenye njia ya chakula, mutu anasikia moto kifuani. Hicho ndicho kiungulia.

Zamani watu wote, hata waganga wakubwa, walisema kidonda cha tumbo kinaletwa na pilipili na mawazo mengi. Katika mwaka 1982 waganga wawili wa Australia, Robin Warren na Barry Marshall, walionyesha kwamba ndani ya tumbo la wagonjwa wengi kunaishi kijidudu kinachoitwa Helicobacter pylori. Wenzao hawakuwaamini. Katika mwaka 1984 Marshall alikunywa vijidudu hivyo yeye mwenyewe, na tumbo lake likawaka. Katika mwaka 2005 wote wawili walipewa Zawadi ya Nobel.

Kwa hiyo tunajua leo kwamba vidonda vingi vina sababu mbili kubwa. Ya kwanza ni kijidudu hicho. Ya pili ni dawa za kupunguza maumivu: aspirini, ibuprofeni, diklofenaki na ndugu zao. Pilipili, tumbako na lutuku vinaongeza moto, lakini mara nyingi si vyenyewe vilivyowasha moto wa kwanza.

NAMNA DAWA ZINAVYOFANYA KAZI

Dawa za asidi zinazojulikana sana ni za aina tatu.

Aina ya kwanza ni ile ya kutafuna ao ya maji meupe, kama Maalox. Hiyo inazima asidi iliyokwisha kutoka. Inasaidia upesi, na nguvu yake inaisha upesi.

Aina ya pili ni ya simetidini, iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1976, na ndugu zake ranitidini na famotidini. Hizo zinapunguza amri ya mwili ya kutengeneza asidi. Ranitidini iliondolewa katika maduka ya Marekani mwaka 2020, kwa sababu kitu kibaya kinachoweza kuleta kansa kilionekana ndani yake. Kama una vidonge vya zamani vya ranitidini nyumbani, uvilete ku dispansere.

Aina ya tatu ni omeprazoli, iliyotokea mwaka 1988, pamoja na ndugu zake pantoprazoli, lansoprazoli na esomeprazoli. Hiyo ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Ndani ya ukuta wa tumbo kuna pompi ndogo sana, nyingi kabisa, zinazosukuma asidi. Omeprazoli inafunga pompi zenyewe. Mufanyakazi wa pompi za maji ataelewa mara moja: nyingine zinapunguza maji kwenye bomba, lakini hii inazima pompi.

Ni dawa nzuri. Mbele yake watu wengi walipasuliwa tumbo juu ya vidonda, na wengine walikufa kwa kutoka damu. Shirika la Afya la Dunia limeiweka katika orodha ya dawa za lazima. Lakini kwa kidonda cha kawaida ina muda wake: karibu majuma 4 kwa kidonda cha utumbo wa kwanza, na karibu majuma 8 kwa kidonda cha tumbo lenyewe. Kama ni kijidudu, inatolewa pamoja na dawa za kuua vijidudu, mara nyingi siku 14. Majuma, si miaka.

MUFUPA NI KITU CHENYE UHAI

Wengi wanafikiri mufupa ni kama jiwe ao chuma: ukishakomaa, umekwisha. Hapana. Mufupa unafanana na njia ya malori katika mugodi wa wazi. Kila siku malori yanaichimba, na kila siku greda inapita kuitengeneza. Ndani ya mufupa kuna wafanyakazi wa namna mbili: wengine wanabomoa sehemu za zamani, wengine wanajenga mpya. Kijana anajenga kuliko anavyobomoa. Karibu na miaka 30 mufupa unafika nguvu yake kubwa. Kisha, polepole, kubomoa kunashinda kujenga. Kwa mwanamuke, damu ya mwezi ikikoma, kubomoa kunaenda mbio zaidi kwa miaka kadhaa.

Saruji ya mufupa ni madini yanayoitwa kalsiamu. Karibu 99 kwa mia ya kalsiamu yote ya mwili inakaa katika mifupa na meno. Ile kidogo inayobaki iko katika damu na nyama, na bila hiyo moyo na misuli haviwezi kufanya kazi. Ndiyo maana mwili haukubali damu ikose kalsiamu. Chakula kisipoleta ya kutosha, mwili unaenda kukopa ku mifupa. Na deni hilo halileti maumivu. Mufupa unakuwa na matundu ndani, kama muti ulioliwa na muchwa, na mwenyewe hajui kitu mupaka siku anateleza.

ASIDI NA MIFUPA VINAKUTANA WAPI?

Chumvi nyingine za kalsiamu, zaidi ile ya vidonge vya kalsiamu vinavyouzwa katika farmasi, zinahitaji asidi ili ziyeyuke. Pompi zikizimwa, kalsiamu ya namna hiyo inaweza kupita tumboni na kutoka bila kuingia katika damu. Jambo hili lilionekana kwa wanawake wazee waliomeza kalsiamu bila chakula. Kalsiamu ikimezwa pamoja na chakula, inaingia vizuri zaidi.

Kuna njia nyingine pia. Mutu anayekunywa dawa hizi muda murefu, mara nyingi zaidi ya mwaka mumoja, anaweza kupungukiwa na magnesiamu, madini mengine ambayo mifupa na misuli inayahitaji. Waliokunywa miaka miwili na zaidi wanaweza kupungukiwa na vitamini B12. Vitamini hiyo ikikosa, miguu inakufa ganzi na mutu anayumba anapotembea. Na mwenye kuyumba anaanguka. Kwa hiyo musiangalie mufupa tu, muangalie pia sababu ya kuanguka.

Hata dawa ya maji meupe yenye aluminiamu, ukikunywa nyingi kwa miezi na miaka, inazuia fosfati ya chakula isiingie katika damu, na mifupa inaweza kulainika. Musikimbie kidonge na kujitupa ndani ya chupa.

WATAALAMU WALIONA NINI?

Hapa inafaa tuseme ukweli wote, si nusu.

Katika mwaka 2006 wataalamu wa Marekani walisoma fishi za wagonjwa wa Uingereza wenye miaka zaidi ya 50. Kati yao, watu zaidi ya 13,000 walikuwa wamevunjika nyonga. Waliokunywa dawa za aina ya omeprazoli zaidi ya mwaka mumoja walikuwa na hatari ya kuvunjika iliyozidi ya wengine kwa karibu 44 kwa mia. Waliokunywa vidonge vingi kwa siku, na kwa muda murefu, hatari yao ilizidi hata pale.

Maneno «44 kwa mia» yasiwatishe bure. Tuchukue mufano. Kama kati ya wazee 1,000 kumi wangevunjika nyonga, kwa hesabu hiyo wangekuwa 14 ao zaidi kidogo. Wengine wote hawavunjiki. Kwa mutu mumoja hatari ni ndogo. Kwa muji mzima ambao kila nyumba inameza bila sababu, ni watu wengi.

Katika mwaka 2010 ofisi ya serikali ya Marekani inayosimamia chakula na dawa, FDA, iliagiza onyo la kuvunjika nyonga, kiganja na uti wa mugongo liandikwe kwenye dawa hizi zinazotolewa na waganga. Hatari ilionekana zaidi kwa watu wa miaka 50 na zaidi, kwa wanaokunywa kipimo kikubwa, na kwa wanaokunywa mwaka mumoja ao zaidi. Mwaka 2011 ofisi hiyohiyo ilisema kwamba kipimo kidogo cha siku 14 hakihitaji onyo hilo.

Kisha, katika mwaka 2019, matokeo ya jaribio kubwa yalitokea. Watu zaidi ya 17,000 wa inchi nyingi waligawanywa kama kwa kura: wengine walipewa pantoprazoli, wengine kidonge kisicho na dawa. Kisha karibu miaka mitatu, hesabu ya waliovunjika mifupa haikuwa na tofauti ya maana.

Sasa tushike lipi? Fishi za Uingereza zinaonyesha mambo mawili yaliyotembea pamoja. Hazionyeshi kwamba moja lilizaa lingine. Mutu anayekunywa dawa ya tumbo miaka mingi mara nyingi ni muzee zaidi, mugonjwa zaidi, na anameza dawa nyingine pia. Jaribio la 2019 ni kipimo chenye nguvu zaidi, lakini lilikuwa la miaka mitatu, si kumi. Kwa mutu mwenye mifupa mizima anayemaliza majuma yake, hakuna sababu ya kuogopa. Kwa mutu ambaye mifupa yake imeshachoka, na anayemeza miaka bila sababu, hakuna maana ya kuongeza muzigo mwingine juu ya mabega yake.

Na jaribio hilohilo lilionyesha kitu kingine kinachotuhusu sana sisi wa Katanga. Waliomeza dawa walipata magonjwa ya kuambukiza ya tumbo zaidi kidogo: karibu 14 kwa 1,000, wakati wengine walikuwa 10 kwa 1,000. Nilisema juu kwamba asidi inaua vijidudu. Kijidudu cha kolera nacho kinaogopa asidi, na sisi tunaijua kolera ya kando ya maziwa na ya Lualaba. Mwenye kumeza omeprazoli achemushe maji yake ya kunywa, na anawe mikono, kuliko mutu mwingine.

MIZIGO MINGINE JUU YA MIFUPA YA MUFANYAKAZI

Mifupa yetu haipigwi na kitu kimoja. Muhesabu pamoja nami.

Jua. Ngozi ikipata jua, mwili unatengeneza vitamini D, na bila hiyo kalsiamu haiingii vizuri. Mufanyakazi wa chini ya udongo, kama kule Kipushi, ao wa zamu ya usiku anayelala muchana kutwa, analiona jua kidogo.

Tumbako na lutuku. Vyote viwili vinadhoofisha wajenzi wa mufupa, na vyote viwili vinachoma tumbo. Lutuku inaongeza pia kuanguka njiani usiku.

Deksametazoni. Wengine, wanawake kwa wanaume, wananunua vidonge hivi sokoni ili wanenepe ao wapate hamu ya kula. Hivyo vinakula mufupa waziwazi kuliko omeprazoli. Musivimeze bila munganga.

Vumbi. Katika mwaka 2009 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wa Leuven, Ubeleji, walitangaza kwamba walipima mukojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Walikuta kobalti nyingi sana, na pia madini mengine kama kadimiamu. Kadimiamu inaharibu figo na kulainisha mifupa. Wajapani wa bonde la muto Jinzu waliijua kwa machozi: serikali yao ilikubali mwaka 1968 kwamba ugonjwa wa mifupa wa watu wa pale uliletwa na kadimiamu ya mugodi. Kwa hiyo kinga ya vumbi na kubadili nguo za kazi mbele ya kuingia nyumbani ni kazi ya kulinda mifupa pia, ya baba na ya watoto.

MUZUNGUKO AMBAO WENGI WENU MUKO NDANI YAKE

Sasa nifike kwenye jambo ninaloliona karibu kila juma. Mufanyakazi anabeba vizito, mugongo unamuuma. Ananunua diklofenaki sokoni. Mugongo unatulia, lakini tumbo linaanza kuwaka. Ananunua omeprazoli ili atulize tumbo. Tumbo likitulia, anaongeza diklofenaki. Mwaka unapita, miaka mitatu inapita. Anameza dawa ya pili ili aweze kumeza ya kwanza, na hakuna mutu aliyeangalia mugongo wenyewe.

Hapo dawa ya kuanza nayo ni kuonyesha mugongo: namna ya kuinua muzigo kwa magoti, kumuomba kapita abadilishe kazi kwa siku kadhaa, kutumia parasetamoli badala ya diklofenaki ikiwezekana. Sababu ikitoka, mara nyingi kidonge cha tumbo nacho kinatoka.

UFANYE NAMNA GANI?

1. Usianze omeprazoli kwa kuuliza rafiki ao muuzaji wa sokoni. Uje ku dispansere useme tumbo linauma wapi, saa gani, na umemeza dawa gani zingine.

2. Ukipewa dawa, uulize maneno mawili: «Ni ya nini?» na «Ninamaliza lini?» Tarehe hiyo iandikwe kwenye fishi.

3. Uimeze asubuhi, nusu saa mbele ya kula. Ukiimeza ovyo haifanyi kazi vizuri, kisha unaongeza cha pili bure.

4. Maumivu yakirudi, uombe kipimo cha kijidudu. Kuna kipimo cha choo. Omeprazoli inaweza kukificha kijidudu, kwa hiyo inaachwa majuma 2 mbele ya kipimo, ikiwa munganga anakubali. Kijidudu kikiuawa kabisa, mugonjwa anaweza kupona kidonda chake bila kumeza kila siku ya maisha yake.

5. Kama umeimeza muda murefu, usiikate kwa siku moja. Wataalamu wa Denmark waliwapa watu wazima wasio na ugonjwa wa tumbo dawa ya namna hii majuma 8, kisha wakaiondoa. Karibu 44 kwa mia walipata moto wa tumbo, wakati kwa wale waliomeza kidonge kisicho na dawa walikuwa 15 kwa mia. Pompi zilizofungwa muda murefu zinarudi kwa kasi, kisha zinatulia zenyewe. Wengi wanafikiri ni ugonjwa uliorudi, wanaanza tena. Uje tupunguze pamoja, hatua kwa hatua.

6. Kuna watu ambao hawapaswi kuiacha bila munganga: aliyewahi kutapika damu ao kutoa choo cheusi juu ya kidonda, anayekunywa aspirini kila siku juu ya moyo, anayekunywa dawa ya kuzuia damu isigande, na mwenye ugonjwa wa njia ya chakula unaojulikana. Kwao faida inazidi hatari sana. Kidonda kinachotoka damu kinaua kwa siku moja, na kutoka hapa mupaka Lubumbashi ni mbali.

CHAKULA CHA MIFUPA

Hatuhitaji vitu vya bei kali. Ndagala zilizokaushwa, zikiliwa nzima pamoja na mifupa yake, zina kalsiamu nyingi. Zinatoka katika maziwa yetu na zinafika katika kila soko. Lenga-lenga na sombe zina kalsiamu pia. Sombe ipondwe na kuchemushwa vizuri. Maharagwe, soya na karanga vinasaidia. Maziwa ya unga, mwenye kuyapata ayaweke katika uji wa watoto, kwa maana mufupa wa miaka 58 unaanza kujengwa ku miaka 8. Bukari pekee yake inajaza tumbo, lakini haijengi mufupa.

Jua la asubuhi ao la jioni, mikono na miguu wazi, halilipishwi. Kutembea, kulima na kubeba vitu vya kiasi vinaamusha wajenzi wa mufupa. Na nyumbani: muondoe mawe yenye utelezi mbele ya mulango, muweke taa kwenye njia ya choo, muwape wazee fimbo bila kuwachekesha.

MASWALI MULIYOULIZA

«Munganga, nina miaka 27, nilimeza majuma 4 na nikapona. Mifupa yangu imeharibika?» – Hapana. Ulimeza kwa sababu na ukamaliza kwa wakati. Ndivyo inavyopaswa.

«Nimeze kalsiamu pamoja na omeprazoli ili nijilinde?» – Usianze peke yako. Chakula kwanza. Ukiandikiwa kalsiamu ya kawaida, uimeze katikati ya chakula, si tumbo tupu.

«Mama yangu anatafuna pemba kila tumbo likimuuma.» – Pemba inaweza kutuliza kwa muda mufupi, lakini haiponyeshi kidonda. Ni udongo, na udongo wa inchi ya migodi unaweza kubeba risasi na madini mengine mabaya. Zaidi mama mwenye mimba ajiepushe.

«Tunaweza kupima ugumu wa mifupa hapa?» – Mashini hiyo haipo hapa Mitwaba. Lakini mwenye miaka zaidi ya 50 aliyevunjika kwa kuanguka kidogo tu, ao anayeona mugongo umeinama na urefu umepungua, aje. Tutamuandikia barua ya kwenda mbele.

«Ni alama gani za kukimbia nazo ku hospitali siku ileile?» – Kutapika damu ao kitu kama unga wa kahawa, choo cheusi kama lami, maumivu ya gafula tumbo likikauka kama ubao. Kukonda bila sababu, ao chakula kukwama shingoni, uje juma hilohilo. Hapo usimeze kidonge ukangoja.

Mama wa mwanzo alifungwa plasta, na mufupa umeshika. Tulipima choo chake, kijidudu kilikuwa pale, kimekaa miaka yote sita chini ya kidonge. Alipewa dawa za siku 14. Kisha tukapunguza omeprazoli polepole. Majuma mawili ya kwanza alilalamika sana, na mume wake alikuja kuniambia nimurudishie dawa. Tulivumilia pamoja. Sasa analala bila moto wa tumbo, na kila siku anakula ndagala zake na vichwa vyake.

Kwenye fishi yake neno «aendelee» halipo tena. Kuna tarehe ya kumaliza. Na ninyi, jioni ya leo, mutoe vidonge vyote vilivyo nyumbani, muviweke juu ya meza. Kwa kila kimoja muulize: ni cha nini, na kinaisha lini? Kile kisicho na jibu, mukilete ku dispansere. Tutatafuta jibu pamoja.

Musaidizi wa munganga, dispansere ya Mitwaba